Tarime kwa Anayehamia: Mji Unaokua Katikati ya Mipaka

Mtumishi anayepangiwa Tarime kwa mara ya kwanza mara nyingi hupewa pole kabla hata hajafunga mizigo. Ndugu na marafiki watamkumbusha yaliyoandikwa magazetini miaka yote: mapigano ya koo, ng'ombe walioibwa usiku, vurugu za mgodini, bangi. Wachache watamwambia kwamba anakwenda kwenye mji wa nyanda za juu wenye jioni za baridi, ndizi tele, kahawa ya arabika kwenye vilima vinavyouzunguka, na biashara inayoanza kabla jua halijachomoza kwa sababu Kenya iko pua na mdomo. Makala haya ni kwa ajili ya mtumishi huyo. Ni kwa ajili pia ya mfanyabiashara anayefikiria kufungua duka, mzazi anayempeleka mtoto Sekondari ya Tarime au Chuo cha Ualimu, na yeyote aliyesikia kwamba viwanja vya Tarime vinapanda bei na anataka kuwahi.

Kukua kwa mji huu si maneno ya madalali. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Wilaya ya Tarime ina watu wapatao 340,000. Miaka 10 baadaye, sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 400,000 katika Halmashauri ya Wilaya na zaidi ya 130,000 katika Halmashauri ya Mji, jumla inayokaribia 538,000. Hilo ni ongezeko linalozidi nusu, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37 hivi. Jirani yake wa kusini, Wilaya ya Serengeti yenye makao yake Mugumu, ilitoka watu wapatao 250,000 ikafika 340,000, yaani ilikwenda sambamba na taifa. Tarime imelipita taifa mbali.

Kwa nini? Jibu langu ni kwamba Tarime imezungukwa na mipaka, na kila mpaka una riziki yake na ugomvi wake. Uko mpaka wa nchi pale Sirari. Uko mpaka wa mgodi pale Nyamongo. Uko mpaka wa Hifadhi ya Serengeti upande wa mashariki na kusini. Na iko mipaka ya koo, ambayo haimo kwenye ramani yoyote ya serikali lakini kila mwenyeji anaijua kwa kichwa. Mgeni akiielewa mipaka hiyo ataishi Tarime kwa raha. Akiipuuza, atajikuta amenunua shamba lenye wenyewe watatu.

Tuanze na jambo dogo linalosumbua wengi siku ya kwanza. Tarime ina halmashauri mbili. Halmashauri ya Mji ina kata 8: Bomani, Sabasaba, Nyamisangura, Turwa, Nkende, Nyandoto, Kenyamanyori na Ketare. Ofisi zake ziko mjini, na Hospitali ya Mji iko mjini vilevile. Halmashauri ya Wilaya inasimamia kata zote zilizobaki, zikiwemo Sirari na zile za Nyamongo, na makao yake yamehamishiwa Nyamwaga, nje ya mji, kwenye njia ya kuelekea Nyamongo na Mugumu. Barua yako ya ajira ikisema Halmashauri ya Wilaya, ukashuka stendi ya Tarime ukaanza kuulizia ofisi, utapoteza nauli na muda. Soma barua vizuri. Na usidhani kwamba kata 8 za mji zote ni lami na maghorofa. Ukitoka Bomani au Sabasaba ukaingia Nyandoto au Ketare, utakuta migomba, mashamba ya mahindi na ng'ombe wanaorudi zizini. Mji huu bado ni shamba kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo utamu wake ulipo, na hapo ndipo kesi zake nyingi za ardhi zinapozaliwa.

Mstari uliochorwa Ulaya

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana sehemu hii ya Afrika. Walichora mstari kutoka pwani, karibu na mdomo wa Mto Umba, ukazunguka kaskazini mwa Mlima Kilimanjaro, ukaenda kugota kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, pale latitudo ya 1 kusini inapokata ziwa. Waliochora hawakuwa wamewahi kukanyaga huku. Mstari wao ukapita katikati ya nchi ya Wakurya, na hadi leo Wakira, Wanyabasi na Wairege wako pande zote mbili: huku wilayani Tarime, kule katika Kaunti ya Migori, Kenya. Mtu ana shangazi Kehancha, ng'ambo, na mjomba Muriba, upande huu. Harusi moja inakusanya vitambulisho vya nchi mbili.

Wajerumani walijenga boma lao Shirati, karibu na ziwa. Ni Waingereza waliopandisha utawala milimani na kuifanya Tarime kuwa makao ya wilaya waliyoiita Mara Kaskazini, na jina hilo ndilo lililorithiwa na mgodi wa North Mara. Boma likavuta mahakama, mahakama ikavuta maduka, maduka yakavuta shule na makanisa. Mtaa wa Bomani umebaki na jina hilo hata baada ya wenye boma kuondoka. Kahawa iliyopandwa kwenye vilima ikawapa wakulima fedha taslimu, na ujira wa jeshi ukaongeza nyingine, kwa maana vijana wengi wa Kikurya waliingia King's African Rifles wakati wa ukoloni na majeshi yetu baada ya uhuru. Mzee wa Kikurya aliyestaafu jeshini, mwenye koti zito na fimbo, ni mtu utakayemkuta karibu kila kijiji. Ukimheshimu atakufungulia milango ambayo barua ya halmashauri haiwezi.

Mwaka 2007 sehemu ya magharibi, yenye Wajaluo wengi pamoja na Wasuba, ilikatwa ikawa Wilaya ya Rorya. Mji wa Tarime haukugawanyika hivyo. Sokoni utasikia Kikurya, Kijaluo na Kikisii, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Wachaga wana maduka, Wasukuma wanaleta mchele. Ni mji wa wengi kuliko sifa zake zinavyodokeza.

Sirari

Kilichoujenga mji huu kwa kasi ni Sirari, kilomita chache kaskazini kwenye barabara kuu. Hii ndiyo barabara inayotoka Mwanza, ikapita Bunda, ikavuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, ikapanda Tarime na kuishia kwenye geti. Ng'ambo ya geti ni Isebania, na barabara inaendelea Migori, Kisii hadi Kisumu.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Kwa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya siasa, lakini kwa watu wa Tarime ilikuwa amri ya kutomtembelea ndugu. Ndiyo miaka ile ya uhaba wa sabuni, sukari na mafuta ya taa, na ndiyo iliyoifundisha nchi hii njia za panya. Kahawa na ng'ombe vilivuka usiku, sabuni ikarudi. Mazoea hayo hayakuisha siku mpaka ulipofunguliwa. Hata sasa, licha ya Jumuiya mpya kuwa na umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, bado wapo wanaoona ni rahisi kupita shambani kuliko kupita getini.

Nawaambia wafanyabiashara wadogo waziwazi: siku hizi geti lina nafuu kuliko mnavyofikiri. Sirari na Isebania ni kituo cha huduma za pamoja. Msafiri hapigi foleni mara mbili kwenye nchi mbili. Maofisa wa pande zote hukaa jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Ukienda Kenya unamalizia kila kitu Isebania, ukirudi unamalizia Sirari. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, ambayo hutolewa na Uhamiaji, na ni busara kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa sababu huulizwa. Kwa mwenye mzigo mdogo uliozalishwa ndani ya Afrika Mashariki, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu rahisi: cheti cha uasili wa bidhaa kinachojazwa palepale mpakani, na ukishakuwa nacho, bidhaa zilizomo kwenye orodha hazitozwi ushuru wa forodha. Bado kodi nyingine na vibali vya afya ya mimea au mifugo vinaweza kuhitajika, kwa hiyo uliza kabla hujapakia. Mama mwenye magunia ya mahindi au mikungu ya ndizi aliyepita getini analala usingizi. Aliyepita njia ya panya, mzigo ukikamatwa, anapoteza mtaji wote kwa usiku mmoja.

Ukiwa Sirari asubuhi utaona jinsi mji unavyoishi. Mikungu ya ndizi inashushwa kwenye pikipiki, ikiwa imefungwa pande zote mbili za kiti hadi dereva haonekani. Muuza duka anataja bei kwa shilingi ya Tanzania na kwa ya Kenya bila kufumba macho. Vijana wenye mabunda ya noti wanakufuata wakitaka kukubadilishia. Usibadilishe kwao. Tumia benki au duka lenye leseni, kwa sababu noti bandia ikishaingia mfukoni mwako mpakani, hutakuwa na wa kumdai.

Koo, na lugha ya kusema wazi

Wakurya wa Tarime wamegawanyika katika koo kama Wakira, Wanchari, Watimbaru, Wanyabasi, Wairege, Wasweta na Wanyamongo. Kila ukoo una eneo lake, na ukisikia Bukira, Bunchari au Bwirege ujue ni nchi ya ukoo huo. Juu ya koo kuna mgawanyo mwingine: kila Mkurya huzaliwa upande wa baba yake, ama Abasaai ama Abachuma, na upande huo unavuka mipaka ya koo. Ndiyo maana watu wawili wasiofahamiana, wa koo zilizowahi kupigana, wanaweza kukaa mezani dakika 10 na kugundua kwamba kwa mila wanaitana baba na mwana. Mgeni hahitaji kujua yote haya. Inatosha kutomuuliza mtu ukoo wake siku ya kwanza kazini, na kutochukua upande habari za koo zinapozungumzwa.

Mapigano yalikuwepo, na sababu zake kubwa zilikuwa ng'ombe na ardhi. Mwanaanthropolojia Mmarekani Michael Fleisher, aliyeishi na kutafiti huku, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2000 jinsi wizi wa ng'ombe ulivyogeuka kutoka mila ya vijana ya kutafuta mahari na kuwa biashara, ng'ombe wakivushwa Kenya kuuzwa, na bunduki zikishika nafasi ya mikuki na mishale. Serikali ilifikia hatua ya kuunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Na wananchi wenyewe walikuwa na dawa yao: ritongo, yaani mkutano wa hadhara wa ukoo unaowataja wezi mbele ya watu wote, pamoja na sungusungu, ambao sheria iliwatambua mwaka 1989. Dawa hiyo imesaidia kupunguza wizi, na imekosea pia pale ilipotoza faini na kutoa adhabu bila ushahidi. Ukiitwa kwenye mkutano wa ulinzi wa mtaa, nenda, toa mchango wako na uchukue stakabadhi. Ukitozwa faini usiyoielewa, mwone mtendaji wa kata. Adhabu ya jinai ni ya mahakama.

Mgeni atashangazwa pia na namna ya kuzungumza. Mkurya anasema analofikiri, kwa sauti, akikutazama machoni. Mwalimu kutoka pwani, aliyezoea kuanza na habari za asubuhi, za nyumbani na za watoto kabla ya kuomba chaki, atadhani amegombezwa. Hajagombezwa. Mzee akikuita "mura" ilhali hujamzoea, ana maana ya kijana wa kiume, na amekukaribisha. Baada ya miezi michache wengi huanza kuupenda uwazi huu, maana mtu asiyekupenda utamjua siku hiyohiyo, na anayekupenda atakuletea mkungu wa ndizi mlangoni.

Au atakualika nyama choma. Nyama ya Tarime huja na kichuri, na hapo ndipo mgeni hupimwa. Kichuri ni majimaji machungu ya kijani yanayotoka kwenye utumbo wa mbuzi au ng'ombe. Huchujwa, yakachemshwa, yakatiwa chumvi na pilipili, na kipande cha nyama kikachovywa humo. Mchovyo wa kwanza unakunja uso. Wa tatu unauliza kama kimebaki. Hakikisha tu kimechemshwa vizuri. Pembeni kutakuwa na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, mzito, wa rangi ya udongo, unaoshiba nao hadi kesho.

Jambo moja siwezi kulipita kwa haraka. Miezi ya Novemba na Desemba, hasa miaka inayogawanyika kwa 2, ni msimu wa tohara. Vijana wa kiume wanaotoka kutahiriwa husindikizwa barabarani na umati unaoimba na kucheza. Ukiendesha gari, punguza mwendo, wapishe, na usipige picha bila ruhusa. Lakini msimu huohuo ndio ambao wasichana hukeketwa. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 15. Mwalimu ndiye anayeanza kuona dalili: binti anayekuwa mkimya karibu na likizo, anayeuliza kama anaweza kubaki bwenini. Usisubiri uthibitisho. Piga simu ya mtoto namba 116, ambayo haitozwi, au nenda dawati la jinsia na watoto la kituo cha polisi. Zipo nyumba za kuwapokea: kituo cha Masanga upande wa Tarime na nyumba salama ya Mugumu. Mamia ya wasichana wamepita huko na kurudi shuleni. Wapo wazee wa mila waliokubali kuacha na wapo wanaoshikilia, na kila msimu kazi inaanza upya.

Dhahabu ya Nyamongo

Kusini mashariki mwa mji, barabara inayopita Mogabiri na Nyamwaga inakufikisha Nyamongo. Watu walichimba dhahabu hapa kwa mikono kabla kampuni hazijaja. Mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2002, ukapita mikononi mwa Placer Dome, kisha Barrick mwaka 2006, ukawa chini ya kampuni ya African Barrick, iliyoitwa baadaye Acacia, na mwaka 2019 Barrick ikaurejesha kwake. Mwaka huohuo ilikubaliana na serikali kuunda kampuni ya Twiga, ambayo Tanzania ina hisa za asilimia 16. Mashimo ya Nyabirama, Nyabigena na Gokona yamebadili sura ya vijiji vya Nyangoto, Kewanja na Kerende kiasi kwamba aliyeondoka miaka 30 iliyopita hawezi kupatambua kwao.

Fedha ilikuja na maumivu yalikuja. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi pale mgodini wakati watu walipoingia kutafuta mawe yenye dhahabu, na hayo hayakuwa mauaji ya kwanza wala ya mwisho. Baadhi ya familia zilipeleka madai yao hadi mahakama za Uingereza. Ninaandika hili kwa sababu yuko kijana atakayeshawishiwa kwamba kuvizia mawe ya mgodini ni ajira. Si ajira, vijana wamekufa kwa ajili ya kiroba kimoja cha mawe. Mtanzania anayetaka kuchimba ana haki ya kuomba leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo kwa sheria ni ya Watanzania, na dhahabu yake anaiuza kwenye masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019. Kuuza nje ya masoko hayo ni kosa.

Halafu kuna tegesha. Ndivyo wenyeji wanavyoviita vijumba vinavyosimamishwa haraka na miche inayopandwa kwa kubanana kwenye ardhi inayotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, ili vihesabiwe kwenye fidia. Ukipita utaviona: kuta nyembamba, bati jipya, mlango bila njia ya kuingilia. Wapo waliouza ng'ombe na kukopa ili wategeshe, na wapo waliolia baada ya uthamini kuvikataa. Uthamini ukishaanza, kilichoongezwa baadaye hakihesabiwi. Wathamini nao wanabanwa: kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia una uhai wa miaka 2, na usipolipwa ndani ya muda huo unapaswa kurudiwa. Mwananchi aliyefanyiwa uthamini adai nakala ya fomu yake na aitunze pamoja na picha za mali yake. Fomu hiyo ndiyo itakayomsemea.

Wananchi wana haki pia ya kuuliza fedha za pamoja ziko wapi. Kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kutokana na mauzo, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 mgodi unapaswa kupanga miradi ya jamii kila mwaka pamoja na halmashauri. Kwa mgodi wa ukubwa huu si fedha ndogo. Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pa kuuliza, na swali zuri lina jina la mradi na mwaka wake.

Upande wa Mugumu

Barabara hiyohiyo ya Nyamongo, ambayo lami yake imekuwa ikijengwa kwa vipande, inavuka Mto Mara na kuingia Wilaya ya Serengeti. Kutoka Tarime hadi Mugumu ni kilomita 87 hivi. Mugumu ni mji mdogo kuliko Tarime, mkavu zaidi, wa Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wataturu, na unaishi kwa kilimo, mifugo na hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye kilomita za mraba 14,763, iko mlangoni. Lango la Ikoma ni la karibu. Vijiji kama Robanda na Park Nyigoti vimeungana katika jumuiya ya wanyamapori ya Ikona na kupata mapato ya utalii kwenye ardhi yao.

Mkulima wa huku ana adui asiye na ukoo: tembo. Usiku mmoja unamaliza ekari za mahindi. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au aliyefiwa, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011, lakini kuna masharti ambayo wengi huyajua wameshachelewa. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikuwa na malipo kwa kanuni hizo, na malipo yaliishia ekari 5. Toa taarifa kwa ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya mara moja, kabla nyayo hazijafutika. Na ukiuziwa kimoro, ile nyama pori iliyokaushwa, na mtu asiye na bucha yenye leseni, kataa. Mnunuzi hufungwa sawa na mwindaji.

Ardhi

Nimeiacha ardhi hadi hapa kwa sababu ndiyo inayowaponza wageni wengi. Mji ukikua kwa kasi hii, shamba la jana linakatwa viwanja leo, na anayekata si lazima awe mwenyewe. Kwa desturi ya Kikurya ardhi ni ya ukoo na ya familia. Kijana anayekuuzia anaweza kuwa na kaka watano na mama ambao hawajaambiwa. Kwa hiyo usiridhike na karatasi yenye sahihi mbili. Taka kuwaona mke au wake wa muuzaji, watoto wakubwa na majirani wa pande zote nne, kisha mtembee wote kwenye mipaka mchana.

Jua pia kama unanunua mtaani au kijijini, maana sheria ni mbili. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mtu asiye mwanakijiji haingii bila maombi yake kufikishwa kwenye halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti peke yake hawezi kukuuzia ardhi ya kijiji, hata awe na muhuri. Mjini, nenda ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Mji ukaulize kama kiwanja kimepimwa, kina namba, na hakimo kwenye hifadhi ya barabara wala eneo la shule. Kwa mashamba ya kata za mashariki zinazopakana na hifadhi, kama Gorong'a, Nyanungu na Kwihancha, vigingi vya mpaka vimekuwa na mgogoro wa miaka mingi. Usinunue huko kabla hujaonyeshwa vigingi na watu wa ardhi wa wilaya. Ukiingia kwenye mgogoro, Baraza la Kata linasuluhisha tu tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, na lina siku 30. Hukumu ni ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa mtumishi mpya, ushauri wangu ni kupanga nyumba kwa mwaka wa kwanza. Nunua sweta na viatu vya matope, jifunze salamu za Kikurya, hudhuria mikutano ya mtaa, na waulize wenyeji habari ya kila kilima unachokiona. Mwaka ukiisha utakuwa unajua nani ni nani, na mwenye ardhi halali atakuja mwenyewe kukutafuta. Mwenye haraka ya kukuuzia kabla ya kufika ofisi ya ardhi, usimpe hata shilingi.